Mwenye Shamba Kwenye Picha ya Whitcombe

Jumanne moja baada ya chakula cha mchana, Scholastique alipokuwa akihamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia, kama walinzi wa zamani walivyomfundisha ili magoti yasimuume, mche wa boga ulitokeza kwenye kona ya chini ya picha kubwa, ukapanda juu ya fremu ya dhahabu, ukaanza kuteremka ukutani. Haukuwa na haraka. Ilipofika saa ya kufunga ulikuwa umegusa sakafu, na majani yake ya kwanza yalikuwa yamefunguka, mapana, yenye vinyweleo.

Scholastique aliripoti kwenye redio, maana mlinzi anatakiwa kuripoti chochote kinachogusa sakafu. Njoroge, msimamizi wa walinzi, Mkenya mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuja akauangalia.

"Hayo ni majani ya malenge," alisema. "Mamangu huyaponda na viazi kwa mukimo."

"Ni maboga, ndiyo."

"Sawa. Usiache wageni wakanyage, mathe. Mtu akiteleza hapa, hiyo ni kesi."

Akarudi ofisini kwake.

Makumbusho yale yalikuwa Fort Worth, Texas, na mwaka ule wa 2005 yalikuwa yamekusanya picha za Harlan Whitcombe, mchoraji aliyezunguka Magharibi ya Marekani zamani na farasi, mkokoteni na masanduku ya rangi, wakati serikali ikiendelea kusukuma mpaka wake mbele. Alichora mito, mabonde na mawingu ya mvua. Wapenzi wa sanaa walimsifu kwa mwanga wake, na kweli mwanga aliujua. Katika picha zake zote hapakuwa na mtu hata mmoja. Maonyesho yaliitwa Nchi Tupu. Picha kubwa ilionyesha kona ya mto Brazos na bonde la nyasi ndefu, na kibao kilichobandikwa kando yake kilisema hivi ndivyo bonde lilivyokuwa kabla ya mtu yeyote kufika.

Mafundi wa kutunza picha walikuja na vipimo vyao, wakapunguza unyevu wa hewa ukumbini. Kesho yake mche ulitoa maua.

Scholastique hakuwa na neno na maua. Macho yake yalikuwa kwenye majani. Tangu afike Texas alikuwa hajala majani ya maboga. Madukani palikuwa na maboga yenyewe, tena makubwa kupita kiasi, yaliyorundikwa mlangoni kila Oktoba ili watu wayachonge meno na macho. Majani yake, mwenye duka alimwambia, yanatupwa. Scholastique aliposikia hivyo alihuzunika kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa mbali.

Kwao, kwenye milima ya Fizi, mashariki mwa Kongo, majani ya maboga yalikuwa hayauzwi, wala hayaibwi. Yaliombwa. Unasimama kwenye mpaka wa shamba, unamwita mwenyewe hata kama humwoni, naye akiitika anakuja kukuchumia kwa mkono wake, ili kile kikonyo kinachobeba boga kisiguswe. Ukichuma bila kuita, umesema shamba halina mtu. Mwizi watu walimsamehe. Aliyesema shamba halina mtu, wazee walimwita barazani.

Kwa hiyo Ijumaa, wageni walipokuwa wamekwisha kutoka na taa za ukumbi wa jirani zimezimwa, Scholastique alisimama mbele ya picha na koti lake la kijivu la kazi, lenye nembo ya makumbusho kifuani, akaita kwa sauti ya kawaida.

"Hodi, mwenye shamba. Naomba mboga ya leo."

Nyuma ya mkunjo wa kilima, mbali kabisa, mahali ambapo Whitcombe aliweka kivuli cha buluu, mtu alisimama. Mwanzoni alikuwa mdogo kama punje ya ulezi. Akaanza kuja, na kadiri alivyokuja ndivyo alivyokua, kama anavyokua mtu yeyote anayekukaribia. Ilichukua muda, kwa kuwa bonde la Whitcombe ni refu. Scholastique alingoja. Aliyekuja alikuwa mwanamke mzima, ana sketi ya ngozi na michoro ya chale kidevuni, na mikono yake ilikuwa na udongo. Alipofika kwenye fremu aliinua mguu kama mtu anayevuka kizingiti, akashuka ukumbini.

Hawakuwa na lugha moja. Scholastique alikuwa amekaa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, pamoja na Waha, Warundi na Wazungu wa mashirika, kwa hiyo hilo halikumsumbua. Alionyesha majani, akaonyesha mdomo. Mwanamke akacheka kidogo, akainama, akachagua machanga, akaviacha vikonyo vyenye maua, akamwekea fungu zuri mikononi. Kisha akavuka fremu tena, akarudi alikotoka, akipungua hatua kwa hatua.

Jioni hiyo Scholastique aliyamenya nyuzi, akayapika kwa karanga na mafuta ya mawese, jirani yake Mado akiwa amekaa mezani na kijiko tayari.

"Ee, Mama Kethia! Hii ulitoa wapi?" Mado aliuliza. "Mi nimezunguka Texas muzima, nakutana tu na spinachi."

"Kwa picha ya kazini."

"Picha gani?"

"Ile kubwa. Kuko mama mwenye shamba. Nilimuomba."

Mado alionja, akafumba macho. "Basi kesho uombe na yangu. Usikuwe na roho mbaya."

Wiki iliyofuata mwenye shamba alianza kujenga. Whitcombe alikuwa ameikata picha yake vibaya. Alichukua shamba na mto, akaziacha nyumba nje ya fremu, upande wa kulia, na upande wa kulia wa fremu ulikuwa ukumbi wa makumbusho. Kwa hiyo mahali pa nyumba ya yule mwanamke palianguka kwenye sakafu ya mbao, kati ya benchi la wageni na mtungi wa kuzimia moto. Alichimbia miti, akaikunja ikakutana juu, akaiezeka kwa nyasi alizokata ndani ya picha. Kila alipokata, turubai jeupe lilionekana, na asubuhi yake nyasi zilikuwa zimeota tena. Nyumba ilipokwisha ilikuwa na umbo la mzinga wa nyuki. Ndani alitandika mikeka aliyoisuka kwa vipande vya maboga yaliyokaushwa.

Wageni waliipenda. Wanafunzi walikaa sakafuni wakaichora. Mzee mmoja wa kabila la Wichita aliendesha gari kutoka Oklahoma, ambako ukoo wake ulihamishiwa kwa nguvu zamani, akaingia ndani ya nyumba ile, akakaa na mwenye shamba mpaka saa ya kufunga, wakizungumza. Alipotoka alimwambia Bi. Crandall, mwandaaji wa maonyesho, kwamba yule mama ni wa ukoo wa bibi yake, na kwamba bonde lile lina jina, akamtajia. Bi. Crandall alimshukuru kwa kuja, akampa kijitabu cha maonyesho.

Shida ilianzia kwa familia ya Tolliver. Picha kubwa ilikuwa mali yao, wameiazima tu kwa makumbusho, na bonde lenyewe pia lilikuwa mali yao, ranchi iliyozungushiwa uzio toka ukingo mmoja wa upeo hadi mwingine. Babu yao alipewa bonde hilo kwa sababu lilikuwa tupu. Picha ya Whitcombe ilining'inia sebuleni kwao miaka yote ikithibitisha hivyo.

Alhamisi Scholastique aliitwa ofisini. Palikuwa na Bi. Crandall, wakili wa makumbusho, jagi la maji, na Njoroge wa kutafsiri.

"Mtu kutoka ndani ya picha, hilo kisheria si neno," wakili alieleza. "Nyumba nayo si neno, watu hujenga. Tatizo letu ni moja. Mfanyakazi wetu, ndani ya sare yetu, alimwomba ruhusa. Huwezi kumwomba ruhusa mtu ambaye hayupo. Kwa hiyo makumbusho yamekiri kwamba shamba lina mwenyewe."

Njoroge alitafsiri kwa kifupi. "Mathe, wanasema mboga si noma. Noma ni ile hodi."

"Hodi ni mubaya?"

"Hapa, eh. Ni mbaya."

Bi. Crandall alitabasamu kwa wema wa kweli. Alitaka jambo dogo tu, alisema. Scholastique aseme mbele yao, na mwakilishi wa familia akiwapo, kwamba siku ile alikuwa anajisemea mwenyewe. Kwamba hakumwita mtu, kwa maana mbele yake hapakuwa na mtu. "Wengi hujisemea wakiwa kazini," alisema. "Hata mimi." Wakampa mpaka Jumatatu.

Njoroge alimrudisha nyumbani kwa gari lake. Njia nzima kwenye barabara kuu alikuwa akipiga usukani kwa kidole.

"Sema tu, mathe. Ni sentensi moja. Hata wewe ukisema, yule mama bado atakuwa pale na nyumba yake. Nani atapoteza nini?"

"Wewe unamuonaka?"

"Namwona kila siku. Jana alinipatia malenge."

"Sasa mbona niseme hakuna mutu?"

Njoroge aliwasha taa ya kukata kona. "Kwa sababu uko na mtoto," alisema.

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkosesha Scholastique usingizi. Kethia alipotelea kwenye vita akiwa mdogo, akapatikana mama yake akiwa amekwisha panda ndege. Sasa alikuwa msichana wa kuvaa viatu vya mama yake, anaishi Nyarugusu na shangazi, na wakili wa kanisa alikuwa amesema wazi: faili ya mtoto itasonga kama mama ana kazi isiyokatika. Kazi ya makumbusho ilikuwa ya kwanza kutomkatikia.

Jumapili baada ya ibada alikwangua kadi ya simu, akapiga.

"Mama, Furaha wa jirani yetu amepanda basi juzi," Kethia alisema. "Anaenda Australia. Ameniachia sufuria yake ile ya mfuniko."

"Ni nzuri?"

"Nzuri. Shangazi anataka kuipikia, nimekataa. Nimeiweka juu kabisa. Siku yangu ikifika na mimi nitamwachia mtu." Akashusha sauti. "Mama, kazi bado iko sawa?"

"Iko."

"Basi sawa. Nilikuwa nauliza tu."

Mado, aliyekuwa amesikiliza yote bila aibu kutoka kwenye kochi, alianza simu ilipokatika. "Sema, Mama Kethia! Sema vile wanataka. Yule mama atakufa na njaa? Shamba iko palepale. Wazungu nao wanapenda tu masemi. Uwape masemi, wakupe mutoto."

"Wewe kule Kigoma walikuuliza nini?"

"Mais, lakini ile ni ingine."

"Walikuuliza nini, Mado?"

Mado akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

Kule Kigoma, kwenye usaili wa wakimbizi waliotaka kuhamia Marekani, kila mmoja alipewa meza yake na afisa wake. Afisa wa Scholastique alikuwa kijana mpole mwenye ramani. Aliikunjua, akaweka kidole mahali alipotajiwa kijiji, na chini ya kidole palikuwa na rangi ya kijani tupu. Hapa hakuna kijiji, mama, alisema, hapa ni msitu. Scholastique alimtajia majirani zake kwa mpangilio wa nyumba, kuanzia kwenye kisima, waliokufa na waliokimbia. Afisa aliandika yote, kisha akasema ramani haina kijiji. Karatasi zake zilikaa mezani misimu ya mvua ikaja ikapita. Kilichozitoa pale ni mtu mmoja aitwaye Omer, mchuuzi wa chumvi, ambaye Scholastique hakumjua hata kwa sura. Siku moja Omer alisikia jina la kijiji likitajwa kwenye foleni, akaenda mwenyewe mezani, akasema: nililala pale. Mvua ilinikuta nikaita hodi, wakanipa ndizi. Hakuwa na faida yoyote katika jambo lile. Yeye mwenyewe alikataliwa, na hadi leo yuko kambini.

Jumatatu ofisini palikuwa na Tolliver mmoja, kijana mwenye buti safi. Scholastique aliongea kwa Kiingereza chake mwenyewe, polepole, ili Njoroge asipate nafasi ya kukilainisha.

Alisema aliita. Alisema mwenye shamba alikuwepo, akaja, akampa mboga, naye alizila pamoja na jirani yake na zilikuwa tamu.

"Una uhakika hukuwa unajisemea?" Bi. Crandall aliuliza.

"Mimi nikijisemea, siitikiwi," Scholastique alisema.

Kijana wa Tolliver aliangalia saa yake. Wakili aliandika kitu, akamshukuru kwa ukweli wake. Mwisho wa juma Scholastique aliachishwa kazi kwa kosa la kula sehemu ya kazi ya sanaa iliyoazimwa. Walimpa boksi la kuwekea vitu vyake, na kwa kuwa hakuwa na vitu, alilibeba likiwa tupu. Mwenye shamba alisimama mlangoni mwa nyumba yake akamtazama akipita. Scholastique alimpungia mkono. Hakujua ishara ya kufukuzwa kazi, na hata angeijua asingeitoa.

"Umetuchomea, mathe, umetuharibia," Njoroge alimwambia kwenye maegesho, lakini alimfungulia mlango wa gari, akamfikisha hadi ngazini.

Ushahidi wake haukubadilisha kitu. Wakili wa makumbusho aligundua njia nyingine, rahisi zaidi. Kabla ya mwezi kwisha kibao kipya kilibandikwa kando ya nyumba ya nyasi. Kilisema hii ni kazi ya sanaa ya kisasa, msanii hajulikani. Vifaa: miti, nyasi, maboga, mwanamke. Mali ya familia ya Tolliver. Kibao cha zamani, cha bonde kabla ya mtu yeyote kufika, kiliachwa mahali pake, ila kilisafishwa. Maonyesho yakapata wageni wengi kuliko yaliyotangulia, na ikaamuliwa yapelekwe Houston. Nyumba ilibomolewa ikapakiwa kwenye lori. Mwenye shamba alisafiri ndani ya picha, kwa sababu bima ilikuwa ya picha tu.

Scholastique naye alikuwa amehamia Houston. Severin, binamu ya Mado, alimpatia chumba mtaa wa Alief na kazi ya kuwaogesha wazee kwenye mji wa jirani wa Katy, siku nyingine ipo, siku nyingine haipo, kutegemea kama mzee ameamka. Faili ya Kethia ilirudishwa mwisho wa foleni. Wakili wa kanisa hakumlaumu. Alisema tu kwamba sasa wasubiri. Kethia alipoambiwa alisema sawa, kisha akasema tena sawa, kisha kadi ikaisha.

Siku ambayo hakukuwa na mzee aliyeamka, Severin alimshusha Scholastique mbele ya makumbusho ya Houston, akamwambia atarudi kumchukua akimaliza kununua tairi. Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko ule wa Fort Worth. Maandishi ya Nchi Tupu yalikuwa yamepakwa ukutani kwa herufi ndefu kama milango. Nyumba ya nyasi ilikuwa imesimamishwa upya na mafundi, imeinama kidogo upande mmoja, na watu walikuwa wamejaa wakipishana kuizunguka ili waione picha vizuri.

Mwenye shamba alimtambua kabla hajafika. Alitoka kati ya wageni, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu kama anayetafuta kitu kilichokuwa kimekaa pale zamani. Scholastique alitoa mkobani picha ndogo ya Kethia. Mwanamke aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kwenye mlango wa nyumba yake: anaingia lini? Scholastique akatikisa kichwa. Mwanamke hakuuliza tena. Alimwongoza mpaka mbele ya shamba, kwa kuwa maboga yalikuwa yamekomaa na mgeni hupelekwa kuona mavuno, wakasimama hapo wakiinamia majani, mabega yao yakigusana, mmoja akisema kwa lugha yake na mwingine kwa yake.

Mlinzi wa zamu, kijana mwenye adabu, aliwafuata.

"Samahani, akina mama," alisema. "Mko karibu mno na picha. Naomba mrudi nyuma."

Mwenye shamba alimgeukia Scholastique amweleze. Scholastique alimweleza kwa mikono, kama alivyoweza. Mwanamke alilitazama shamba lake, akamtazama mlinzi, ambaye alisubiri akiwa ameunganisha mikono mgongoni.

Wakarudi nyuma. Kijana alisema kidogo tena, tafadhali, wakarudi tena, wakiwapisha wageni waliosogea kuchukua nafasi yao, mpaka migongo yao ikagusa ukuta wa upande wa pili, ambao haukuwa na kitu.

"Hapo ni pazuri," mlinzi alisema, akawashukuru.